Sponji ya Mugeta

Zamu ya sala ya jumuiya ilipofika nyumbani kwa Tereza, pale Nyakato, mjini Musoma, wasiwasi wake wote ulikuwa kwenye usafi. Nyumba ya mgonjwa ina harufu yake, na yeye hakutaka watu wa Mungu wakae kwake wakibana pumzi. Ijumaa hiyo alifua mapazia, akapiga deki, akasugua hata miguu ya viti, akambadilishia mumewe shuka. Alipodhani amemaliza, akaliona tangi la kioo.

Tangi lilikuwa la Mugeta, mumewe. Alilitengeneza kwa vioo vya dirisha enzi anavua Kiriba, akaweka ndani yake furu, wale samaki wadogo wa ziwani wenye rangi nzuri ambao wavuvi wengine huwapa bata. Alifunga pampu ndogo ya hewa iliyopitisha maji kwenye kipande cha sponji, na kila jioni alivuta kiti akawatazama. Watu walimcheka. Ghati, mwenyekiti wa jumuiya na jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akisema, "Mzee Mugeta, hao ukiwakaanga wote hawajazi kijiko. Samaki wa kutazama tu, nani aliwahi kuona?" Tereza naye alicheka. Mambo ya tangi aliyahesabu ni ya mwanaume na upuuzi wake, hakuwahi kuuliza.

Kisha kiharusi kikamwangusha Mugeta. Kilichukua upande wote wa kulia, kikachukua na maneno. Walipomrudisha kutoka hospitali, kitanda chake kiliwekwa sebuleni, karibu na tangi, kwa sababu chumbani hapakuwa na hewa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia Tereza, "Mama, usiuache mkono ulale. Utafutie kitu cha kufuata." Tereza alijaribu kikombe, akajaribu simu, akajaribu rozari yake mwenyewe. Mkono ulikaa juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa pale na mgeni.

Furu ndio waliouamsha. Asubuhi moja Tereza aliona kidole cha mumewe kinasogea taratibu, kinamfuata samaki mmoja mkubwa wa bluu mwenye mkia mwekundu. Tangu siku hiyo, kabla ya uji, alimuuliza swali lile lile: "Mkubwa yuko wapi?" Kidole kilimtafuta Mkubwa hadi kikampata. Baada ya majuma mengi kiganja kikaanza kuinuka kidogo kutoka kwenye shuka. Hospitali hawakuwa na dawa nyingine ya kumpa, walishasema wazi. Kilichobaki kwa Tereza kilikuwa sala na samaki tisa. Alijua, na aliwahi kumwambia Mungu hivyo bila kuficha, kwamba furu wakiisha ule mkono utarudi kulala, na mwenye mkono ataufuata.

Kwa hiyo siku ile alipoliona tangi, na utando wa kijani kwenye vioo, na maji ya rangi ya chai, alisikia aibu. Wageni wangesema mgonjwa analazwa karibu na bwawa. Akawahamishia samaki kwenye beseni. Akamwaga maji yote. Akasugua vioo kwa sabuni, akasuuza, akasugua mawe moja moja kwa brashi ya kufulia. Sponji ndiyo ilimtisha. Ilikuwa nyeusi, inateleza kama kamasi, inanuka matope. Aliipeleka bombani, akaifikicha kwa sabuni ya unga mpaka ikawa ya njano kama siku iliponunuliwa. Kisha akalijaza tangi maji ya bomba, meupe, safi.

Wakati akifanya hayo Mugeta alitoa sauti. "A... aa... a." Tereza aligeuka, sponji ikimtiririka mkononi, akaona jambo ambalo hakuwa ameliona tangu hospitali. Mkono wa kulia ulikuwa umeinuka. Hakikuwa kidole tu kilichoinuka, mkono wote ulikuwa juu hewani, kimo cha ukingo wa tangi, unatetemeka. Na machozi yalimtoka Mugeta yakashuka masikioni.

Tereza alipiga magoti palepale kwenye maji ya sabuni. "Asante Yesu," alisema. "Umeona, baba Silasi, samaki wako wanavyong'aa? Umefurahi?" Akamfuta machozi, na yeye akalia. Mkono ukaanguka.

Kesho yake, jumuiya ilipojaa sebuleni, alisimama kutoa ushuhuda. Alionyesha kwa mkono wake mwenyewe mkono wa mumewe ulipofika. Watu walipiga makofi, Ghati akaanzisha wimbo, na mzee mmoja akasema hilo tangi sasa linapendeza hata kuwekwa altareni. Kwa furaha Tereza aliwapa furu chakula mara mbili. Mugeta alikuwa amegeuza uso ukutani. Walisema amechoka na wageni.

Jumapili, alipotoka misa, aliwakuta samaki wote juu. Walikuwa wamepanga midomo kwenye uso wa maji, wanatweta kama mbwa wakati wa jua, na mashavu yao yanafunguka na kujifunga kwa haraka. Mkubwa mwenyewe alikuwa pembeni ya pampu, amejiinamia upande.

"Wana njaa," alisema Ghati alipoitwa. "Angalia wanavyoomba."

Tereza akawapa chakula. Hawakukigusa, kikazama. Jioni mmoja alikuwa amekufa.

Ghati akarudi na chupa ya maji ya baraka. "Mama Silasi, jana umetoa ushuhuda mbele ya watu. Jicho la binadamu siyo zuri, na mimi nalijua jicho la nani, ila simtaji." Tereza alimimina kifuniko kimoja tangini, akasali sala zote alizozikumbuka, kisha akazirudia kwa kikwao, kama vile Mungu hakuwa amesikia vizuri kwa Kiswahili.

Jumatatu asubuhi alimuuliza mumewe, "Mkubwa yuko wapi?" Mugeta hakufungua hata macho. Mkono ulikuwa umelala, kiganja juu. Tereza akaushika, akaukuta una joto lakini hauna mtu ndani. Akavaa kitenge cha kutokea, akamwomba Ghati akae na mgonjwa, akaenda barabarani.

Maduka ya dawa za mifugo ya mjini Musoma yalimwambia samaki hawana dawa, samaki wana mafuta ya kukaangia. Mmoja tu, baada ya kumaliza kucheka, alimwelekeza Bunda, kwenye duka moja la mtaa wa Kabasa linalowauzia wenye mabwawa ya samaki. Akaenda Bunda. Duka alilipata, na mwenyewe, kijana mpole wa Kisukuma aitwaye Jilala, alimpa kiti na maji ya kunywa kabla ya kumuuliza shida.

"Mama, mimi ni wa kuku na ng'ombe," alisema. "Samaki ninajuaga kidogo tu. Tujaribu. Wana madoa meupe mwilini, kama wamenyunyiziwa chumvi?"

Tereza alifikiri. Hakuwa ameona madoa. Lakini kijana alikuwa ameshika boksi la dawa mkononi, na yeye aliogopa jibu baya litalirudisha boksi kwenye rafu. "Ndiyo," alisema. "Kidogo."

"Mapezi yamechanika, yameoza pembeni?"

"Ndiyo. Nayo kidogo."

"Wanajikuna kwenye mawe?"

"Baba, wanafanya yote hayo."

Jilala alimtazama kwa huruma. "Basi hao wana vidudu vya kila aina," alisema, akampa unga wa njano wa kutibu kuku, akamwonyesha kipimo cha ncha ya kijiko. "Ila mama, mimi sijawaona hao samaki. Mwombe Mungu pia."

"Huyo nimeshamwomba mpaka najisikia aibu," alisema Tereza.

Unga uliyageuza maji kuwa ya rangi ya mkojo. Jumanne asubuhi waliokufa walikuwa wanne. Wawili wameelea, wawili wamenaswa katikati ya mawe meupe aliyoyasugua kwa brashi. Tereza aliwatoa kwa kijiko cha chai. Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kitanda cha mumewe, akashindwa hata kusali. Alichokisema kilikuwa hivi tu: "Bwana, wewe ulikaa na wavuvi. Ulikuwa unajua samaki. Kwa nini hunifundishi?" Akangoja. Pampu ikaendelea kukoroma. Nyuma yake Mugeta alikataa uji, mara ya kwanza kuukataa tangu atoke hospitali. Midomo aliifunga, na uji ukashuka kidevuni.

Simu ikalia. Alikuwa Hilda, binti wa mdogo wake Mugeta, mwalimu wa baiolojia huko Butiama, ambaye hupiga kila juma kumjulia hali baba yake mkubwa. Tereza alipoanza kueleza habari za mkono na za uji, alijikuta anaeleza habari za samaki.

Hilda alimsikiliza hadi mwisho. "Mama mkubwa, umewatupa waliokufa?"

"Bado. Wako kwenye sahani."

"Usiwatupe. Weka mmoja kwenye barafu, niletee kesho asubuhi. Mimi nina mitihani ya wanafunzi, siwezi kutoka, na kwenye simu utaniambia unachofikiria. Nataka nione kwa macho. Na hao waliobaki usiwape chakula chochote, wala dawa."

"Wasile?"

"Wasile, mama mkubwa. Hata wakikutazama vibaya."

Jumatano akamwachia Ghati mgonjwa, akapanda gari hadi Makutano, akaunganisha Butiama, na samaki wake kwenye kopo la siagi lenye barafu ya Ghati. Hilda alikuwa akikaa nyumba ya walimu nyuma ya shule. Alimpokea, akamwinamia kumsalimu, na kabla ya chai akamweka samaki kwenye kipande cha karatasi dirishani, penye mwanga.

"Ulimpa dawa gani?" aliuliza Hilda. Tereza akamweleza ule unga wa njano. "Ya ugonjwa gani?"

"Wa madoa meupe. Na wa mapezi kuoza."

"Yaonyeshe hayo madoa."

Tereza aliinama. Samaki alikuwa safi, bluu imefifia kidogo, mapezi mazima kama feni. Hapakuwa na doa. Alisikia uso unamuwaka. "Nilimjibu yule kijana ndiyo," alisema polepole, "ili anipe dawa."

Hilda hakumcheka. Kwa ncha ya sindano alifunua shavu la samaki. "Hapa panatakiwa pawe pekundu, kama nyama iliyochinjwa sasa hivi. Unaona palivyo?" Palikuwa kahawia, na kingo zimekunjamana kama kitu kilichopitiwa na moto. "Huyu hakuwa na ugonjwa, mama mkubwa. Ameungua. Samaki anakula na kujisaidia humo humo anamopumulia. Uchafu wao ule unageuka sumu, inawaunguza mashavu, na akiungua mashavu anakwenda juu kutafuta hewa. Ndiyo maana walikuwa wanatweta."

"Lakini wameishi humo miaka."

"Waliishi kwa sababu kulikuwa na wa kuwasafishia. Kuna vijidudu vizuri, havionekani kwa macho, vinaishi kwenye mawe, na zaidi kwenye sponji. Vinaila ile sumu. Sasa nijibu kitu kimoja. Kabla hawajaanza kuumwa, ulibadilisha nini?"

"Hakuna. Sikubadilisha kitu."

"Fikiria."

"Hakuna, mwanangu. Nilisafisha tu, kwa ajili ya jumuiya."

Hilda aliweka sindano chini. "Ulisafisha nini?"

"Vioo. Mawe." Sauti ya Tereza ilikuwa inapungua. "Na sponji. Ilikuwa inatia kichefuchefu. Niliifua kwa sabuni, bombani."

Nje kengele ya shule iligongwa, na wanafunzi wakaanza kupiga kelele. Hilda alingoja zipungue.

"Baba mkubwa alinifundisha hili mimi, kabla hata sijasoma kitabuni," alisema. "Alikuwa anasema sponji haioshwi bombani, kwa sababu maji ya bomba yana dawa. Inakamuliwa kwenye maji yao wenyewe, na haikamuliwi sana. Alikuwa mkali kwa hilo. Nilipoanza tangi langu alinipigia kelele mpaka nikalia. Nilidhani na wewe alikwambia."

Tereza aliuona tena ule mkono. Aliuona umeinuka kimo cha ukingo wa tangi, unatetemeka, na yeye amesimama na sponji inatiririka povu. *A... aa... a.* Mtu asiye na maneno alikuwa amekusanya kila nguvu iliyobaki kwenye nusu ya mwili iliyokufa, akamwambia acha. Na yeye akapiga magoti, akamshukuru Mungu, akaenda kuutolea ushuhuda, na watu wakapiga makofi mbele ya Mugeta aliyekuwa ameugeukia ukuta.

"Alinikataza," alisema. "Hilda, alinikataza kwa mkono. Mimi nikasema ni muujiza."

Akafunika uso kwa kitenge. Hilda alimwacha alie, akaenda chumba cha ndani, akarudi na ndoo ndogo yenye kifuniko. Ndani, kwenye maji ya rangi ya chai, kulikuwa na kipande cha sponji nyeusi tititi. Harufu yake Tereza aliifahamu.

"Hii ni yake," alisema Hilda. "Nilipoanza, aliikata sponji yake katikati kwa kisu, akanipa nusu. Vijidudu hivi vimetoka kwenye tangi lenu. Mimi nitabaki na mawe yangu, yananitosha. Ukifika, ikamue kidogo humo ndani, kisha ifunge kwenye pampu mahali pa ile nyingine. Isikauke njiani, isikae juani. Toa theluthi ya maji kila siku, uweke mengine yaliyokaa wazi tangu jana, dawa ya bomba iwe imetoka. Na usione uchafu ukauonea aibu."

"Watapona?"

"Wenye mashavu yaliyoungua sana hawaponi. Sikudanganyi, mama mkubwa."

Tereza alimpigia simu Ghati palepale, akamwomba achote maji ya bomba, ayaweke kwenye kila beseni na sufuria uani, bila kufunika.

"Yote?" aliuliza Ghati.

"Yote."

"Haya. Nilianika dagaa maisha yangu yote, leo naanika maji."

Njiani aliishika ndoo mapajani kama mtoto mgonjwa. Mama mmoja aliuliza nani amebeba kitu kilichooza. Tereza akasema ni yeye, na hakuomba radhi. Mkononi alikuwa na rozari lakini hakuzihesabu shanga. Alichorudia moyoni lilikuwa neno moja tu, nisamehe, na nusu ya njia hakuwa na uhakika analimwambia Mungu au anamwambia Mugeta.

Alifika jua likiwa bado juu. Waliobaki hai tangini walikuwa watatu, na Mkubwa alikuwa chini, amelala kwa tumbo kati ya mawe, mdomo wazi. Mugeta alikuwa macho. Tereza hakuvua hata viatu. Alipiga magoti kando ya kitanda, mahali palepale alipopiga siku ile.

"Baba Silasi," alisema. "Siku ile ulikuwa unanikataza. Nilikuona na sikukuelewa. Nimekuulia samaki."

Macho ya Mugeta yalimjia, yakakaa usoni kwake muda mrefu. Hayakuwa na hasira wala msamaha. Yalimsikiliza. Tereza akafungua ndoo, akaitoa sponji, na maji meusi yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Pua za Mugeta zilicheza. Aliitambua.

"Hii ni nusu uliyompa Hilda. Amesema ikamuliwe humo." Akauchukua ule mkono wa kulia, akaufungua vidole, akaiweka sponji kiganjani, akaunyanyua na kuushikilia juu ya maji. "Kamua wewe. Mimi nilishaharibu."

Ghati, mlangoni, aliziba pua. "Na Jumamosi alitukataza kuingia na miguu yetu yenye vumbi," alinong'ona, kisha akanyamaza mwenyewe, kwa sababu mkono ulikuwa umekaa vilevile, haufanyi kitu. Tereza alikuwa akiuhisi uzito wake wote. Bega lilianza kumuuma. Hakusema fanya, hakusema jitahidi. Alikuwa amesema mengi sana kwa niaba ya huo mkono.

Kisha kidole gumba kikaingia ndani ya sponji, kidogo. Vingine vikafuata, kimoja baada ya kingine, dhaifu kama vya mtoto mchanga. Uzi mweusi wa maji ukadondoka tangini, ukatanda kama moshi, ukawafunika samaki.

Asubuhi iliyofuata mwingine alikuwa amekufa. Tereza alimtoa bila kuficha, Mugeta akitazama. Walibaki Mkubwa na jike moja dogo la kijivu. Mkubwa alikuwa bado anatweta, lakini alikuwa ameacha kulala kwa tumbo, na alikuwa amesogea kidogo kutoka kwenye mawe. Au labda Tereza alitaka iwe hivyo, na hakujiamini tena kwa anachoona.

Akakaa kitandani na bakuli la uji. "Mkubwa yuko wapi?"

Mkono uliinuka. Ulichelewa, ukatetemeka, lakini haukwenda tangini. Ulipita tangi, ukashuka upande wa pili, ukaelekea mlango wa uani ambako mabeseni ya Ghati yalikuwa yamepangwa wazi, yamekaa usiku mzima. Tereza alikuwa ameshafungua mdomo kumshukuru Mungu. Akaufunga.

"Unataka nibadilishe maji?"

Mugeta alifumba macho, akafumbua.

Akaweka uji chini. Akachota jagi la maji ya beseni, akasimama mbele ya tangi, akageuka kuutazama mkono kabla hajafanya chochote. Kidole kilishuka. Akamimina kidogo kando ya kioo. Kidole kikainuka. Akaacha. Alingoja hivyo, jagi hewani, macho yake kwenye mkono wa mumewe, mpaka kidole kiliposhuka tena.